Chombo Kilichoungua Kwenye Kompyuta

Kila Alhamisi jioni, wanafunzi wa klabu ya sayansi pale Matiri walimwagilia kwanza miche ya kahawa ya shule, wakanawa miguu, ndipo wakaingia chumba cha kompyuta. Mwalimu Benadetha hakuruhusu tope livuke kizingiti. Kompyuta zilikuwa tatu tu, na moja ilikohoa kama mzee mvuta kiko, lakini ndani yake mlikuwa na jambo la ajabu: handaki la upepo.

Upepo wenyewe haukuwepo. Ilikuwa programu ya kuigiza upepo. Unachora umbo la chombo cha angani, unabonyeza, na hewa inaonekana ikikipiga kwa mistari ya rangi. Bluu ni salama, nyekundu ni moto. Chombo kinaporudi duniani hukimbia kwa kasi kubwa mno hata hewa iliyo mbele yake hupata joto kali. Klabu ilitafuta umbo litakalowafikisha salama watu waliomo, na mchoraji wake angeiwakilisha shule kwenye maonesho ya Mbinga siku ya Jumamosi.

Lidia wa darasa la sita aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Aliishi kwa shangazi yake, na baba yake Wilfred, fundi wa mitumbwi kule Lituhi ziwani, alikuwa ameahidi kupanda hadi Mbinga kumwona. Mtoto wa fundi mitumbwi afundishwe umbo na nani? Alichora chombo chenye pua ndefu iliyochongoka kama mtumbwi. Rafiki yake Pankras alichora kitu kifupi chenye kitako kipana, na kitako ndicho kilichotangulia mbele.

"Hicho ni chungu cha maharage," Lidia alimtania. "Utawapika hao watu!"

"Cheka tu, upepo ndio utakaosema," Pankras alijibu.

Na upepo ulisema. Kila mmoja alijaribu chombo chake peke yake, wenzake wakisubiri nje. Lidia alibonyeza, na pua ya chombo chake ikawa nyekundu kama kaa la moto. Alirudia mara ya pili, hata ya tatu, ikawa vilevile. Alitazama mlango, kisha akaandika kwenye daftari: "Pua ilibaki bluu." Pankras aliandika: "Bluu, ila pembeni kuna wekundu kidogo." Mwalimu alisoma madaftari yote na kumteua Lidia. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Pankras, jambo lililomuumiza Lidia kuliko kama angenuna.

Jioni hiyo baba yake alipiga simu kwa shangazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nitakuja, ila Jumamosi yenyewe. Nina mtumbwi hapa unavuja."

"Mwenye mtumbwi anajua?"

"Hakujua. Nimemwambia mimi. Ni mzuri kwa macho, lakini nimeujaribu kwenye maji ya magoti, ukavuja. Ningenyamaza, angejua akiwa katikati ya ziwa na wanawe."

Chakula kilimshinda Lidia. Asubuhi alimkuta Mwalimu Benadetha ofisini, akamwamkia, kisha machozi yakamtangulia maneno.

"Mwalimu, nimeandika uongo. Chombo changu kiliungua. Mara zote tatu."

Mwalimu hakufoka. Aliwaita wanaklabu wote na kumwamuru Lidia arudie jaribio mbele yao, kisha la Pankras. Pua kali iliwaka tena. Kwenye kitako kipana hewa ilisukumwa mbele, joto likasimama mbali kidogo na chombo, nyuma yake pakabaki bluu. Lidia alishangaa mpaka akasahau aibu yake. Kumbe ule ubapa alioucheka ndio ulinzi wenyewe!

"Ni kama mashimo yetu ya ngolo kwenye mteremko," Pankras alisema. "Maji yakishuka bila kizuizi yanakula udongo. Shimo likiyapokea, nguvu inaishia humo na shamba linapona."

"Hapo umenena," Mwalimu alisema. "Pankras ndiye atakayetuwakilisha. Na wewe Lidia utakwenda, lakini na chombo chako kilichoungua."

Jumamosi, ukumbi wa Mbinga ulijaa. Pankras alieleza chombo chake, wageni wakashangilia. Kisha Lidia alisimama, macho yake yakiwa kwa baba yake aliyekaa safu ya tatu.

"Hiki ni changu," alisema. "Niliamini kitapita. Kiliungua, nami nikaandika kwamba hakikuungua. Leo nawaonyesha ukweli wake." Akabonyeza kompyuta waliyokuja nayo kutoka shuleni. Watu wote wakaiona pua ikiwaka.

Baba yake alisimama akapiga makofi, kwanza peke yake, halafu ukumbi mzima.

Mwalimu Benadetha akamshika Lidia bega na kuwageukia wanafunzi wake. "Wanangu, kukosea hapa si aibu. Handaki hili lilitengenezwa ili makosa yatokee mahali ambapo hakuna mtu ndani ya chombo. Lakini ukilificha kosa hapa, siku moja mtu atapanda chombo hicho, naye atakuwa amekuamini wewe."