Kiraka cha Marehemu Ndani ya Tairi la Wifi

Jamani… nisomeni hadi mwisho.

Mume wangu alikufa miaka miwili iliyopita. Leo nimefungua tairi, nikakuta ndani kazi ya mikono yake… na tarehe ya wiki tatu zilizopita!

Msinikimbie, sijachanganyikiwa. Ngoja nianze vizuri.

Mimi naziba pancha. Mtaani wananiita Mama Pancha, na jina nimelikubali. Kazi alinifundisha marehemu. Alipoondoka, watu walisema nitafunga banda ndani ya mwezi. Thubutu! Banda lipo, kompresa inanguruma, na kiti chake kiko pale pale mlangoni. Mteja akitaka kukikalia namwambia kimevunjika.

Maiti yake hatukuiona. Alikwenda kumsaidia mtu gari ng'ambo ya mto, mafuriko yakaja. Wifi yangu, dada yake, ndiye aliyeleta habari, na kiatu kimoja. Tukakaa matanga na kile kiatu.

Wiki mbili baadaye akaniomba koti la bluu la marehemu.

"Nipe tu wifi, niwe naligusa nikimkumbuka kaka yangu."

Nikampa. Ningemnyimaje?

Sasa leo asubuhi wifi huyo huyo kashusha tairi.

"Nizibie wifi yangu, nimefunga la akiba. Nalifuata saa kumi."

Nikang'oa msumari, nikalitoa tairi kwenye rimu, nikamulika ndani. Kulikuwa na kiraka cha mwanzo. Mraba, kona moja imekatwa. Pembeni tarehe, kwa rangi nyeupe.

Nikamulika tena!

Kona ile marehemu aliikata makusudi. Mteja akirudi kulalamika kwamba kiraka kimeachia, ajue kama ni kazi yake au ya fundi mwingine. Wanaokata vile tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Na hili tairi mimi sijawahi kuligusa!

Nikapiga simu.

"Wifi, hivi tairi lako lilizibwa wapi mara ya mwisho?"

"Si pale njia panda ya kiwanda cha matofali, kwa yule…"

Akajikatiza.

"Kwa yule nani, wifi?"

Simu ikakatwa. Napiga tena… imezimwa!

Sikuvua hata aproni. Nikadandia pikipiki, mwendo wa saa nzima. Njiani nalia, nacheka. Nikapanga kumzaba kibao. Nikapanga kumkumbatia. Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha! Mume wangu yuko hai!

Banda nililiona kwa mbali. Ukutani, kwenye msumari, limetundikwa koti la bluu.

Mwanamke alikuwa amechuchumaa, anasugua mpira kwa msasa. Akachukua kiraka… akanyofoa kona moja!

"Dada, nani kakufundisha kukata hivyo?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi?"

Akaniangalia kwanza.

"Ni marehemu, dada. Homa ya siku tatu tu. Jumamosi, tarehe nne mwezi wa tano mwaka huu."

Nikakaa juu ya tairi.

Jumamosi ile naijua. Nilikuwa harusini kwa jirani. Ndiyo siku ya kwanza niliyocheza tangu nifiwe. Wifi hakuja, alisema anaumwa. Kumbe alikuwa msibani!

Katoto ka kike kakatoka ndani, kakashika gauni la mama yake. Masikio yale yale ya marehemu.

"Kwani ulimfahamu?" mwanamke akauliza.

Ningesema nini? Hajui kitu, maskini. Macho yamemvimba kama yalivyonivimba mimi mwaka ule.

"Alinifundisha kazi," nikajibu. "Pole sana."

Niliporudi, wifi alikuwa mlangoni kwangu amepiga magoti.

"Aliniapisha, wifi! Yule mwanamke alikuwa mjamzito, kaka akashindwa kukutazama usoni. Akasema afadhali ufiwe kuliko uachwe!"

"Na alipokufa kweli?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa umeshamlilia!"

Sikumpiga. Sikumtukana. Nilimzibia tairi lake. Kile kiraka sikukibandua, nikaweka changu pembeni, kona zote nne zipo, na tarehe ya leo. Akalibeba mwenyewe hadi kwenye gari.

Jioni mteja akaja, akauliza kama kile kiti bado ni kibovu. Nikamwambia kizima, akae.

Lakini tangu alipoketi nimeshageuka mara tatu kutazama ni nani.

Wenzangu, kama humtaki mtu, mwambie. Ningelia, ningemtukana, ningemchania na mashati, halafu ningepona. Mtu akiachwa anajua ameachwa. Mimi nilimlilia mtu aliyekuwa anakula na kulala na kulea mtoto wake…

Na siku aliyokufa kweli, nilikuwa nacheza.