Kinasa Sauti Kwenye Jiwe la Kusagia

Dafroza wa Mukendo haambiwi kitu mara mbili, kwa sababu hata ile mara ya kwanza hasikilizi. Anauza dagaa wakavu mjini Musoma. Kila asubuhi anawashindilia kwenye gunia mpaka gunia linataka kulia. "Nafasi haitupwi!" ndiyo kauli yake. Na ukimwelekeza jambo, anakukata njiani: "Najua, najua."

Mwezi ule alikuwa na furaha kubwa. Binti yake Scholastika alikuwa anaolewa Bunda. Katika ukoo wa Dafroza, binti akiolewa, bibi yake anasaga ulezi wa togwa ya harusi kwa jiwe, kwa mikono yake mwenyewe. Mashine zipo, lakini ulezi huu hauendi mashineni. Bibi akisaga anaimba, na ndani ya wimbo anawataja mama wa ukoo, majina saba. Kila jina likitajwa, wanawake wanapiga vigelegele. Kazi hiyo ni ya asubuhi mbili tu. Kisha jiwe linalazwa uso chini mpaka mjukuu mwingine aolewe.

Shida ilikuwa hapo. Mjukuu mwingine hakuna. Scholastika ndiye wa mwisho. Na majina yote saba anayajua Bibi Yuliana wa Butiama peke yake, mama yake Dafroza, mwenye miaka themanini na mbili. Ukimwuliza akiwa amekaa tu, anachanganya. "Mikono ndiyo inakumbukaga," anasema. "Bila jiwe siwezi."

Kwa hiyo Dafroza aliazima kinasa sauti kwa jirani yake Gody, kijana anayerekodi kwaya za makanisa.

"Mama, nimeshakipanga," Gody alimwambia. "Bonyeza hapa penye alama nyekundu, basi. Mengine usiguse."

"Najua, najua."

Jumatano asubuhi, Butiama, Bibi Yuliana alipiga magoti mbele ya jiwe. Dafroza akawasha kinasa sauti. Kioo kikaandika WAV, na chini yake: zimebaki saa 7.

"Saa saba tu? Kadi nzima hii?" Dafroza alishangaa. Akabonyeza huku na huku. WAV ikaondoka, ikaja MP3, na namba ikapanda mpaka saa 277. "Hapo sawa! Nafasi haitupwi."

Kisha akaona sauti ya mama yake ni ndogo, kifua kimechoka. Akapandisha kipimo cha sauti mpaka mwisho. Akakilaza kinasa sauti sakafuni, karibu kabisa na jiwe.

Wimbo ulikuwa mtamu. Wifi yake Mbuke aliongoza vigelegele mpaka kuku wakakimbia uani.

Mchana Dafroza akasikiliza. Lo! Jiwe lilinguruma kama lori. Sauti ya bibi ilikuwa inakwaruza. Na kila bibi alipofika kwenye jina, vigelegele vilipasuka krrrr! na kulifunika. Kati ya majina saba, alisikia moja na nusu.

Dafroza alikaa chini. Aliona aibu, na aliogopa. Ilibaki asubuhi moja tu, ya Ijumaa.

Alhamisi akarudi Musoma, moja kwa moja mpaka kwa Gody.

"Shikamoo mama. Harusi inaendeleaje?"

"Marahaba. Gody mwanangu, nimeharibu."

Gody alisikiliza, akacheka mpaka akafuta machozi. Dafroza hakucheka, basi Gody akavuta kiti.

"Mama, ulibadilisha aina ya faili. Kwa nini?"

"Si niliona ile nyingine inaingia saa nyingi?"

"Wimbo wa bibi ni muda gani?"

"Haufiki nusu saa."

"Sasa hizo saa mia mbili sabini na saba ulitaka kumrekodi nani, ng'ombe?"

Hapo Dafroza naye akacheka, apende asipende.

"Sikiliza," Gody akasema. "Wewe unajua dagaa kuliko mimi. Ukimkausha, anakuwaje?"

"Anakuwa mwepesi. Unamsafirisha popote."

"Ukimrudisha majini, anakuwa mbichi tena?"

"Wapi! Akishakauka amekauka."

"Basi MP3 ndiyo dagaa mkavu. Ili faili liwe dogo, mashine inatupa sehemu ya sauti, na ulipochagua ile ndogo kabisa ikatupa nyingi. Hairudi tena. WAV ni samaki mbichi, mzima na magamba yake. Ni faili zito, lakini ukiwa nalo unaweza kukausha baadaye. Siku zote rekodi kwa WAV. Kwenye kioo tafuta 48 na 24, ndivyo viwango vya ubora wa sauti. Zile saa saba zinatosha wimbo na zinabaki."

Dafroza alifungua mdomo kusema "najua". Akaufunga.

"Na huku kupasuka?" aliuliza. "Au niwanyamazishe akina Mbuke?"

"Mwe! Harusi bila vigelegele?"

"Na mama mwenyewe hasogei kwenye jina linalofuata mpaka avisikie," Dafroza alikubali.

"Basi vipe nafasi. Ona mistari hii inayocheza. Sifuri ndiyo dari, na namba zinahesabiwa kutoka hapo kwenda chini. Sauti ikigonga dari inapasuka, na iliyopasuka haishonwi. Kwa hiyo usipime kwa sauti ya bibi. Pima kwa kigelegele. Kigelegele kikubwa kabisa kiishie kwenye kumi na mbili, chini ya dari. Sauti ya bibi itaonekana ndogo. Usihofu, nitaipandisha mimi hapa. Ndogo inapandishwa, iliyopasuka haitibiki."

"Na jiwe?"

"Jiwe linatetemesha sakafu. Weka kinasa sauti juu ya kigoda, chini ya kigoda kunja kanga. Kielekee mdomo wa bibi, umbali wa kama mkono mmoja hivi. Wapiga vigelegele wasogee nyuma hatua tano. Kivalishe hiki kikofia cha manyoya kwa ajili ya upepo. Tia betri mpya. Na vaa hedifoni, usikie kile mashine inachosikia. Jaribu kwanza dakika moja, usikilize, ndipo muanze."

Dafroza akamrudishia yote, neno kwa neno: WAV, kumi na mbili, kigoda, kikofia, betri, hedifoni, jaribio. Gody akampigia makofi.

Ijumaa asubuhi Dafroza alikuwa mtu mwingine. "Mbuke, piga kigelegele cha majaribio!"

Mbuke akapiga. Mistari ikapanda mpaka sita, karibu na dari.

"Kikubwa mno. Ngoja nishushe. Haya, tena!"

"Jamani, leo tunafanyiwa mtihani," Mbuke akasema, akapiga cha pili. Mistari ikaishia kumi na mbili. Dafroza akarekodi dakika moja, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa furaha.

Bibi Yuliana akapiga magoti. Jiwe likaanza kwenda na kurudi. Ndani ya hedifoni Dafroza alisikia ulezi ukivunjika, pumzi ya mama yake, na majina: la kwanza, la pili, mpaka la sita, kila moja limesimama peke yake, vigelegele nyuma yake. Jina la saba ni la mama wa bibi harusi. "Dafroza," mama yake akaimba. Dafroza alilia pale pale, lakini hakugusa mashine.

Walipomaliza, alimvalisha mama yake hedifoni. Bibi Yuliana alisikiliza. Ghafla akashika shavu.

"Huyu ni mama!" akasema. "Mmempata wapi mama yangu?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Mwe! Kumbe nimekuwa na sauti yake." Akacheka, akataka kusikia tena.

Gody alipandisha sauti ya bibi kidogo. WAV lenyewe akaliweka sehemu mbili: kompyuta yake, na kadi aliyofunga Dafroza kwenye pindo la kanga. Kisha akatengeneza MP3 nzuri, ndugu wote wakatumiwa kwenye simu.

Siku ya harusi, Bunda, togwa ilimiminwa na wimbo ukafunguliwa kwenye spika. Jiwe likasikika, majina yakaanza kuitwa, na wanawake wa pande zote mbili wakapiga vigelegele juu ya vigelegele. Scholastika alimshika bibi yake mkono.

"Bibi, hutaimba nao?"

Bibi Yuliana alikuwa ameshavua viatu.

"Mjukuu wangu, wimbo huu nimeuimba miaka yote nikiwa nimepiga magoti. Msagaji huwa hachezi." Akajifunga kanga kiunoni. "Leo yule wa kwenye spika asage. Mimi nacheza."

Na akaingia katikati.