Bendera Iliyoharibu Picha

Nani aliing'oa bendera?

Bibi yangu Refugio aliuliza swali hilo mbele ya jeneza la mume wake, baba yangu akiwa bado tumboni mwake. Mabwana wa yadi ya reli walikuwa wamevua kofia. Wakaangalia viatu vyao. Mmoja akakohoa. Wakaenda zao.

Nieleze kidogo, maana bila hili hutaielewa hasira yangu. Babu yangu, Eusebio Arreola, alikuwa fundi wa mabehewa katika yadi ya Ferris Bend, hapa Kansas. Fundi anapoingia chini ya behewa husimika bendera ya buluu kwenye reli. Si ya kitambaa, ni bati dogo juu ya fimbo ya chuma. Bendera ikisimama, behewa halisogezwi. Aje injinia, aje meneja, aje rais wa nchi. Na aliyeisimika ndiye peke yake anayeing'oa. Hiyo ndiyo sheria, na haina mjadala, kwa sababu chini pale kuna mtu.

Siku aliyokufa, mabehewa mengine yalisukumwa yakaligonga lile alilokuwa chini yake. Bendera yake ilikutwa imelala majanini, pembeni. Wakubwa wakaandika kwamba hakuisimika. Mvivu. Mzembe. Basi kwa miaka na miaka, kila kijana aliyeajiriwa pale aliambiwa siku yake ya kwanza: usije ukatufanyia Ki-Arreola. Baba yangu naye aliajiriwa pale. Akaambiwa vivyo hivyo, jina likiwa limeshonwa kifuani mwake. Alidumu wiki moja.

Ndivyo nilivyokua. Pengine ndiyo sababu nikawa mtu wa midahalo chuoni. Mtu akisema uongo mbele yangu kwa sauti ya upole, siwezi kumwacha amalize.

Sasa sikia.

Novemba iliyopita nilikuwa nafanya kazi za muda maktaba ya chuo. Mkuu wangu akanituma nichukue gari la maktaba, niende kwa Mzee Thurlow Haskett kupakia vitabu alivyotaka kutupatia bure. Haskett! Kama hujui mambo ya treni, hilo jina si kitu kwako. Kwa wapenzi wa treni ni kama msahafu. Ameandika vitabu vinene vya rejea juu ya reli za Amerika Kaskazini na mabehewa yake yote: urefu, uzito, mwaka wa kuundwa, rangi, aina ya magurudumu, kila behewa na picha yake safi. Watu wazima wakibishana juu ya msumari wa behewa la mwaka wa arobaini, mmoja husema, "Katazame kwenye Haskett," na ubishi unakwisha.

Mkuu wangu aliniambia mzee amesisitiza niende mimi, kwa jina. Aliniona gazetini niliposhinda mdahalo. Nikavimba kichwa kidogo. Nikaondoka jua likiwa linazama nyuma ya maghala ya ngano.

Nyumba ilikuwa peke yake, mwisho wa barabara ya changarawe. Nilipozima gari, kitu cha kwanza kilikuwa harufu.

Grisi iliyoungua. Na chuma chenye joto.

Naijua. Bibi anatunza koti la babu kabatini, na kila Krismasi hulitoa akaliweka mapajani. Harufu ile ile... lakini hii ilikuwa mbichi. Kama ya mtu aliyepita sasa hivi.

Mlango ulifunguliwa na Darlene Pruitt, mama mnene mwenye kicheko, anayemuuguza mzee. Alikuwa anapika maharage ya pilipili, na mikate ya mdalasini imepangwa mezani kama kawaida yetu hapa Kansas. Akaniambia niingie mwaya, baridi haina adabu. Kisha, kabla sijavua skafu, akaanza kushusha sauti. Mzee ana karibu miaka mia. Mapafu yamekwisha, figo zimekwisha, daktari haelewi anapumulia nini. Gari la wagonjwa limekuja mara tatu kumpeleka kwenye nyumba ya wanaosubiri kufa. Mara zote tatu wanamlaza kwenye kitanda cha magurudumu, wanasukuma...

"Hakiendi," alinong'ona Darlene. "Vijana wanne wenye misuli, mwaya. Magurudumu hayazunguki. Mzee akishuka, kinaenda chenyewe kama kigari cha mtoto."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Chumba cha mzee kilikuwa na vitabu sakafuni hadi darini. Katikati kitanda, na kitandani kitu kama shuka lililokunjwa vibaya, lenye macho. Macho yalikuwa yananisubiri.

Miguuni pa kitanda, fimbo ya chuma imesimama, imezama kwenye mbao za sakafu. Juu yake bati. La buluu.

Nikajiambia ni kumbukumbu tu. Watu hawa hukusanya taa, kofia, filimbi, hata misumari ya reli. Nikasalimia, nikauliza nianzie rafu ipi.

"Acha vitabu," akasema. Sauti yake ilikuwa hewa tupu. "Wewe ni wa Eusebio."

Hapo chini ya sakafu kitu kikagonga.

Ngo-ngo...

...ngo.

Nyundo juu ya chuma. Mbili za haraka, moja iliyochelewa. Nilitazama mlangoni. Darlene alikuwa amesimama na mwiko mkononi, kama mtu aliyezoea. Baadaye nilimuuliza, akaniambia nyumba ile haina chumba cha chini. Ni udongo mtupu.

Mzee Haskett akanieleza. Nitakupa kwa kifupi, kwa sababu yeye alichukua muda mrefu na kila neno nilitaka kumtapikia. Siku aliyokufa babu, mwezi wa Oktoba, walikuja yadini kundi zima la wapenzi wa treni, kwa basi, na kamera shingoni. Lilikuwepo behewa la barafu la manjano, la kusafirishia nyama na matunda, la mbao, la mwisho wa aina yake. Alilihitaji kwa kitabu chake. Wenzake wakapiga picha, wakasonga mbele. Yeye akabaki nyuma, akitafuta picha safi. Sikujua kwamba watu hawa wana dini hiyo: picha ya behewa iwe safi. Isiwe na nguzo mbele, isiwe na kivuli, isiwe na mtu.

Akaona bati la buluu kwenye kona ya chini ya picha.

Akainama. Akaling'oa. Akalilaza majanini. Akapiga picha. Filamu ikaisha, akageuka kuweka nyingine mgongo ukiwa kwenye jua. Nyuma yake akasikia mabehewa yanakuja yenyewe, polepole, yale yanayoachiwa na injini yatelemke. Wale wa injini walitazama kama kuna bendera. Hawakuiona.

"Kwa nini?" nilimuuliza. Nilitaka alitamke.

"Ilikuwa inaharibu picha."

Inaharibu picha! Nimesimama kwenye majukwaa nikipambana na mabingwa wa vyuo vikubwa, na sijawahi kusikia hoja kama hiyo. Nikavuta rafuni kitabu chake cha pili, ule ukurasa wa ishara za yadi, nikamsomea aya yake mwenyewe. Bendera ya buluu, maana yake, nani huisimika, nani huing'oa. Aliijua sheria kama mkeka anaoulalia. Na ile picha ipo kwenye kitabu cha tatu, imechukua ukurasa mzima, kila toleo. Watu wameitundika ukutani. Chini ya ule ubavu wa mbao, mahali pale ambapo jicho halifiki, babu yangu yumo.

Ngo-ngo... ngo.

Safari hii karibu zaidi. Chini ya kitanda.

Mzee akanyoosha kidole kuelekea bati. Akaniambia lilikuja lenyewe mwaka alipoanza kuugua. Darlene amelitupa jalalani, amelizika, ameliacha mtoni. Asubuhi limesimama pale pale. Yeye mwenyewe hachukuliki. Kila usiku anahisi anataka kwenda, na kila usiku kitu kinamshika magurudumu.

"Aliyeliweka ndiye hulitoa," akanong'ona. "Yeye hayupo. Umebaki wewe, damu yake. Ling'oe, binti. Nimechoka."

"Kumbe sheria unaikumbuka."

Akafumba macho.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hata kifo kilikuwa kimemgomea. Nikamwambia masharti yangu. Bibi yangu yuko hai. Yuko jikoni kwake sasa hivi, anasikiliza redio. Nitampigia simu. Utamwambia maneno sita tu: mimi ndiye niliyeing'oa bendera ya mumeo. Ukishasema, nitalijaribu hilo bati. Akasema nianze kuling'oa kwanza. Nikasema aanze kusema kwanza. Akasema kitabu kitaonekanaje, toleo jipya linatoka majira ya kuchipua. Nikamwambia mzee wangu, nina chakula cha jioni kinanisubiri, wewe ndiye unayesubiri kufa. Tuone nani atachoka.

Ni ukatili, najua. Sijutii.

Akatikisa kichwa, kukubali. Nikapiga, nikaweka sauti ya juu.

"Halo? Marisela? Umekula?"

"Bado, bibi. Kuna mtu hapa anataka kukwambia kitu. Msikilize."

Nikaisogeza simu kwenye midomo yake. Akapanua kinywa. Kisha akasema:

"Behewa la barafu. Ubavu wa mbao. Urefu futi arobaini..."

"Sema," nikamwambia.

"Rangi ya manjano, herufi nyeusi. Paa la mbao, milango minne ya barafu juu ya paa. Breki ya mkono upande wa B..."

"Mzee Haskett. Sema."

"Fremu ya chuma. Magurudumu ya chuma cha kusubu. Liliundwa mwaka..."

Machozi yalikuwa yanamtoka, yanaingia masikioni. Mikono imeng'ang'ania shuka. Na kinywa kinaendelea, kinaendelea, kwa ile sauti kavu ya kitabu, uzito, upana, kimo, idadi ya chemchemi, kila kitu cha behewa lile isipokuwa mtu aliyekuwa chini yake. Hadi leo sijui alikuwa amekataa au alikuwa ameshindwa. Nikawa namtingisha bega. Namtingisha maiti anayeongea.

NGO-NGO.

Kitanda kikaruka.

NGO.

Vitabu vikaporomoka rafuni. Darlene akapiga ishara ya msalaba kwa mwiko. Harufu ya grisi ikajaa hadi nikaihisi ulimini. Mzee akanyamaza katikati ya tarakimu.

Nilidhani bibi amekata simu. Halafu akasema taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya msichana:

"Mari... nani huyo anayegonga?"

"Hakuna mtu, bibi."

"Usinidanganye. Ndivyo alivyokuwa akigonga mlango akirudi kazini. Mbili, halafu moja. Alikuwa anasema ya mwisho ni ya mtoto." Akavuta pumzi. "Mwambie atoke huko chini. Mwambie mlango uko wazi."

Sikumwambia. Sikuweza. Nilitoka na mikono mitupu, nikaacha maharage ya Darlene, nikaacha vitabu vyote. Barabara nzima nililia kwa hasira, si kwa woga. Woga ulikuja nilipofika nyumbani, nikamkuta bibi amewasha taa ya kibarazani na ameketi na lile koti mapajani.

Taa ile haijazimwa tangu siku hiyo. Hataki.

Nilisema. Niliwaandikia chama cha wapenzi wa treni, wachapishaji, na ile reli yenyewe. Chama kikanijibu kwa upole, ule upole niliokutajia: mzee mgonjwa hupayuka, na je, nina ushahidi? Toleo jipya limetoka. Behewa la manjano, ukurasa mzima, safi kabisa. Darlene aliniapia kwamba atashuhudia, wakamwambia yeye ni mpika maharage.

Nilirudi mara moja, mchana kweupe. Si kwa huruma. Bibi alitaka bati lile tulizike na babu. Nililishika kwa mikono miwili, nikavuta hadi viganja vikatoka damu. Halikutikisika. Mzee alikuwa ananitazama, midomo inasema futi, inchi, ratili. Anapumua mpaka leo. Damu haitoshi, nadhani. Au si mimi anayesubiriwa. Sijui ni nini kinachosubiriwa, na nimechoka kulala nikisikiliza kama bibi atamfungulia mtu mlango.

Lakini lile basi la siku ya picha lilikuwa limejaa watu. Wote walikuwa na kamera. Walipiga picha kabla ya Haskett, wakati bati bado limesimama, na hawakujali lilikuwa linaharibu nini.

Kwa hiyo nakuomba. Kama babu yako au mjomba wako alipenda treni, na kuna sanduku la slaidi za picha darini ambalo hakuna anayelifungua, lifungue. Tafuta behewa la barafu la manjano, yadi ya Ferris Bend, Oktoba, jua la jioni. Tazama chini, kwenye kona, karibu na reli. Ukiona kitu cha buluu, usiikate picha pembeni. Nitumie nzima.