Mlango Uliokohoa

Watu walikuwa wamejaa kwenye ukumbi wa maonyesho ya gemu mpya mpaka feni zikawa zinazungusha joto tu. Kila mtu alikuwa anasukuma mwenzake afike mbele, kwenye skrini kubwa, isipokuwa msichana mmoja aliyevaa suruali ya mifuko mingi na shati jeupe la mikono iliyokunjwa. Yeye alikuwa amepiga magoti penye mlango wa nyuma, ameshika maikrofoni yenye manyoya, anaufungua mlango taratibu na kuufunga.

Kijana mrefu, mwenye fulana nyeusi iliyopigwa pasi na mtu anayejua atatazamwa, alisimama nyuma yake akakohoa.

"Umeniharibia mlango," msichana alisema bila kugeuka.

"Sijaugusa."

"Umekohoa. Ndio kwanza mlango umelia vizuri, na wewe ukakohoa juu yake."

"Dada, humu ndani kuna gemu ambazo hata madukani hazijafika, na wewe umekuja kusikiliza bawaba?"

"Gemu zako zitatoka tu. Mlango huu kesho wanautia mafuta."

Wakacheka, na kucheka na mgeni ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Mchana uliwakuta kwenye benchi moja, kijana akimwaga maoni yake bila kuombwa.

"Ile ya malori ya kwenye matope ni kazi ya mtu, unakanyaga breki mpaka vidole vya mguu vinauma. Ile ya mpira ni ileile ya mwaka jana, wamebadilisha soksi. Ya majoka, aah. Majoka mazuri, akili za kuku."

Hapo ndipo msichana alipomtambua. Huyu ndiye yule ambaye wafuasi wa chaneli yake ya mtandaoni walimwita Jaji, ambaye vijana wengi hawakununua gemu mpaka aseme neno. Akamwambia kwamba yeye hutengeneza sauti za gemu, kwenye kampuni ndogo.

"Basi usiniambie gemu yenyewe," Jaji alisema. "Nikijua nitaisifu kwa sababu ya macho yako, nami nitakuwa mwongo."

"Na ukiiponda?"

"Usinune."

"Mimi sinuni."

Wakapeana mikono juu ya mkataba huo, na kwa hilo msichana alikuwa anadanganya, maana binadamu asiyenuna hajazaliwa.

Mapenzi yakaingia kwa njia ya simu, na Jaji akampa msichana jina la Fundi.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe unatafuna mkate mkavu. Kaupashe, mpenzi."

"Umejuaje?"

"Mimi nina masikio, wewe una mdomo. Mungu amegawa."

Jambo moja tu lilimkera Fundi. Katikati ya maneno matamu Jaji alikuwa anasema "ngoja, nakupigia," na simu inakatika. Tena hakuwahi kumkaribisha kwake hata siku moja. Fundi alianza kuhesabu sababu, na zote zilikuwa zimevaa gauni.

Ukweli ni kwamba Jaji aliishi na mama yake, aliyepooza upande mmoja na kubaki na sauti nyembamba isiyovuka ukuta kama kuna kelele. Kwa hiyo Jaji alicheza gemu zote spika zikiwa zimezimwa, akisoma maandishi chini ya skrini, sikio lake likiwa chumba cha pili. Hakumwambia mtu. Jaji gani wa gemu anatangaza kwamba hazisikii?

Ndivyo alivyoicheza gemu mpya iitwayo Korido, aliyotumiwa kabla haijatoka, ya mtoto anayetafuta njia ndani ya jengo lisilo na umeme. Akaenda hewani, amejaa hasira ya mtu aliyeshindwa.

"Korido ina sura, haina roho," alisema. "Mwishoni wanakuweka mbele ya milango mitatu iliyofanana kama mapacha, hakuna alama, hakuna dalili. Ukikosea, unarudi mwanzo. Huo mlango wa mwisho ni mbovu. Msiinunue."

Fundi alimtazama akiwa ofisini, wenzake wamesimama nyuma yake. Bosi wao hakugomba, na hilo lilimtisha zaidi. Alisema mfadhili ameshapiga simu: ikiwa hadi Ijumaa watu bado wanaicheka Korido, gemu haitoki na kitengo cha sauti kinafungwa. Kitengo chenyewe kilikuwa Fundi na kiti chake. Kaka yake alikuwa amemtafutia kazi mji mwingine, mbali, naye alitaka jibu Ijumaa hiyohiyo.

Jaji alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, na tena.

"Umeninunia?" aliuliza ilipopokelewa.

"Korido ni yangu."

Jaji akakaa chini.

"Fundi, tulikubaliana..."

"Tulikubaliana, ndiyo. Ponda, sikatai. Lakini ponda ulichokisikia. Kila mlango pale una mlio wake, na mtoto wa darasa la kwanza angetambua. Wewe ulisikia nini?"

Jaji alizitazama spika zake zilizozimwa.

"Nakuuliza. Ulisikia nini?"

Nyuma ya Jaji, sauti nyembamba ya kike ikaita. Fundi akaisikia, maana masikio yake yalikuwa kazi yake.

"Ngoja, nakupigia," Jaji alisema.

"Huyo ni nani?"

Simu ikakatika. Sasa Fundi alikuwa na mambo mawili ya kulilia, na hakujua aanze na lipi.

Jaji alimgeuza mama yake, akamnywesha maji, akamrekebishia mto. Mama alikuwa amepoteza nguvu, si akili.

"Nani huyo unamkatia simu kila siku?"

"Rafiki tu, Mama."

"Rafiki tu hapigiwi simu hivyo. Mwambie una mama mgonjwa. Mimi si wa kuonewa aibu, mwanangu."

Maneno yale yalimchoma. Akapiga simu hapohapo, mbele ya mama yake.

"Sikusikia chochote," alisema. "Nilizima sauti. Huwa nazima. Yule aliyeita ni Mama, hawezi kunyanyuka."

Fundi alijifuta machozi kwa kiganja.

"Na hedifoni?"

"Siku moja nilivaa. Nilimkuta sakafuni."

"Mimi nilishakupa mke," Fundi alisema, akacheka kwa sauti ya mtu aliyekuwa analia. Kisha ikarudi ile sauti ngumu. "Lakini hiyo haiifuti Ijumaa. Kaka anangoja jibu langu."

"Nitasema hewani kwamba nilikosea."

"Watakucheka. Jaji kiziwi."

"Wacheke."

"Kusema hakutoshi. Uicheze, uisikie. Nitakuja kukaa na Mama."

Alhamisi mchana Fundi alifika amevaa gauni la kijani na viatu vya chini. Alimwamkia Mama kwa heshima zote, akavuta kiti mpaka kitandani. Jaji akaufunga mlango wa chumba cha Mama, ukalia kama umekanyagwa, akaenda chumbani kwake, akavaa hedifoni, akaenda hewani.

"Korido niliihukumu spika zikiwa zimezimwa," alisema. "Kosa ni langu."

Sababu hakuitaja. Hakutaka kujificha nyuma ya kitanda cha mama yake. Vicheko na matusi vilipanda kwenye skrini, mmoja akaandika sikio la kufa halisikii dawa, fulani kaondoka, fulani naye kaondoka. Jaji akaendelea kucheza. Gizani maji yalikuwa yanadondoka, na nyayo zikamfuata nyuma zikisimama kila aliposimama. Kwa mara ya kwanza gemu ilimtia hofu ya kweli.

Akafika kwenye milango mitatu. Wa kwanza alipousukuma kidogo ulilia mkavu, wa pili ukakoroma. Wa tatu ulilia taratibu, na nyuma yake mtu akakohoa.

Jaji aliachia vibonyezo. Kikohozi kile alikijua. Kilikuwa chake, cha siku ile ukumbini. Akaufungua mlango, na mwanga ukajaa skrini nzima.

"Mlango haukuwa mbovu," aliwaambia waliobaki. "Mbovu nilikuwa mimi. Kipande cha ngazi bado kinachosha, hapo sibadilishi neno. Lakini ichezeni, na mfungue masikio."

Alipovua hedifoni, chumba cha pili kilikuwa kimya. Akakimbia huko. Alimkuta Fundi ameinama, sikio lake karibu na mdomo wa Mama.

"Alikuita," Fundi alisema. "Nikaitika mimi."

Jaji aliegemea ukuta mpaka pumzi zikamrudi.

"Kikohozi changu umekiweka."

"Nilijaribu kukitoa. Mlango ukawa hauna mtu nyuma yake."

Simu ya Fundi ikalia. Alikuwa bosi: mfadhili amekubali, Korido inatoka. Fundi alishukuru, akaiweka simu mapajani, akaitazama.

"Na kaka yako?" Jaji aliuliza kwa woga. "Utamjibu nini?"

Fundi aliinuka, akausukuma mlango wa chumba cha Mama mbele na nyuma, ukalia.

"Huu usiutie mafuta," alisema.

"Kwa nini?"

"Nikiwa jikoni nataka nisikie ukiingia kwa Mama."

Jaji alibaki amemkodolea macho, anatafuta jibu la swali lake.

"Ameshakujibu," Mama alisema kutoka kitandani. "Wewe mtoto husikii?"