Zubairi Hakuulizwa

Afande Sebit alikuwa askari wa magereza mjini Jinja. Aliishi Mafubira na mkewe Kadija. Kila asubuhi alipiga pasi sare yake mwenyewe, akanywa chai, akaenda kazini kwa miguu. Kadija alibaki nyumbani akisuka sinia za ukindu za kuuza sokoni.

Walikuwa na watoto wawili. Faridah, binti mdogo, alizungumza tangu alfajiri. Kaka yake Zubairi alikuwa na kigugumizi. Akiharakishwa, maneno yalikwama. Lakini mikono yake haikukwama. Alitengeneza viti, na milango ya majirani ilipoharibika, aliitwa yeye. Watoto wa jirani walimzunguka, naye akawafundisha kupiga msumari bila kuupinda.

Mwaka 1992 Zubairi alipata barua mbili. Vyuo viwili vya ualimu vilikuwa vimemkubali. Kimoja kilikuwa hapo Jinja. Kilikuwa kikubwa, chenye maktaba na maabara, na wanafunzi mia nane. Kingine kilikuwa Nakaloke, karibu na Mbale. Kilikuwa kidogo, na kilifundisha walimu wa ufundi na kilimo.

Zubairi alimfuata baba yake uani.

"Baba, mi-mimi nataka..."

"Jinja," alisema Sebit. "Chuo hicho kila mtu anakijua. Nakaloke kuna nini? Soko tu."

"Lakini Baba, hu-huko..."

"Nimesema, Zubairi."

Kadija alifurahi kwa sababu mwanawe angekuwa karibu. Alichinja kuku. Jirani yao Mwalimu Margret, aliyefundisha vyuoni miaka ishirini, alikuja kula nao. Alimtazama kijana, akampa pongezi, akarudi kwake.

Chuoni, darasa la Zubairi lilikuwa na wanafunzi mia moja na kumi. Mwalimu alitaja jina, mwanafunzi akasimama, akajibu haraka. Zubairi aliposimama, neno halikutoka. Wenzake walicheka. Tangu siku hiyo alikaa nyuma. Hakuelewa masomo mengi, wala hakuuliza. Chakula alikula peke yake.

Jumamosi alikuja nyumbani. "Masomo yanaendaje?" baba aliuliza.

"Vi-vizuri."

Mwaka wa pili alipelekwa kufundisha kwa majaribio. Alisimama mbele ya watoto sitini na somo la Kiingereza. Hakuweza. Chuo kilimwandikia barua ya kumwachisha masomo.

Sebit alisoma barua hiyo akiwa amesimama. "Umeniaibisha," alisema. "Mimi nitawaambia nini watu kazini?"

Siku ya pili Zubairi aliondoka na begi moja. Baadaye walisikia yuko Busiu, karibu na Mbale, anabeba magunia kwenye kinu cha mahindi.

Mwaka 1996 ilikuwa zamu ya Faridah. Alipenda kemia, naye pia alikubaliwa na vyuo vile viwili.

"Nakaloke," Sebit alisema mara moja. "Chuo kikubwa kimeniharibia mtoto. Sitaki tena."

Mwalimu Margret alikuwa amekuja kuchukua sinia. Safari hii hakunyamaza.

"Afande, unarudia kosa lile lile."

"Kosa gani, Mwalimu? Si nachagua kingine?"

"Ndiyo, lakini unachagua wewe. Umemwuliza Faridah?"

Sebit alivuta kiti, akaketi.

"Chuo kikubwa si kibaya," Margret alisema. "Na kidogo si kizuri kwa kila mtu. Kwanza uliza, je, somo analolitaka linafundishwa huko, na vifaa vipo? Halafu mtazame mtoto mwenyewe. Ataishi na watu wale miaka miwili. Mwingine anachangamka kwenye kundi, mwingine anapotea humo."

"Nitajuaje na sijasoma huko?"

"Nendeni mkaone. Nendeni siku ya kawaida, siyo siku ya sherehe. Faridah aingie darasani, ale nao, aongee na wa mwaka wa kwanza. Hao hawafichi kitu."

Kisha alishusha sauti. "Afande, mimi nilijua chuo kile hakimfai Zubairi. Siku ile ya kuku nilijua. Nikasema si mtoto wangu, nikanyamaza. Linaniuma mpaka leo."

Kadija aliacha kusuka, akafuta macho.

Wiki iliyofuata Sebit na Faridah walikwenda Nakaloke. Katika karakana wanafunzi kumi na wawili walikuwa wakichonga mbao. Mwalimu alimwuliza msichana mmoja swali. Msichana alifikiri kwa muda mrefu. Mwalimu alingoja tu, mkono juu ya meza. Hakuna aliyecheka.

Sebit alisimama mlangoni. Faridah alimwita mara mbili kabla hajasikia.

"Baba, watu hapa ni wazuri," Faridah alisema. "Lakini hawafundishi kemia. Na kimya hiki, mimi nitaugua!"

Walipotembelea chuo cha Jinja, Faridah aliinua mkono darasani kabla ya nusu saa kwisha. Wakati wa chakula, wasichana watatu walikuwa wakimwonyesha maabara.

"Unataka wapi?" baba alimwuliza.

"Hapa, Baba."

"Basi, hapa."

Faridah alimaliza mwaka 1998. Sasa anafundisha kemia katika shule moja ya Mbale, na wanafunzi wake wanafaulu.

Siku Faridah alipomaliza chuo, Sebit alipanda teksi mpaka Busiu. Alimkuta Zubairi kinuni, mweupe kwa unga. Alikuwa na mke sasa, na mtoto mchanga. Walikaa juu ya magunia.

"Nilikosa," Sebit alisema. "Sikukuuliza."

Zubairi alifungua mdomo. Neno lilikwama. Zamani baba yake angelimalizia. Safari hii alingoja.

"Si-siku ile, Baba, nilikuwa nimejifunza maneno yangu. Nilifanya ma-mazoezi siku tatu ili nikuambie."

Sebit aliinamisha kichwa. Baadaye alisema, "Ukitaka kurudi chuoni, nitakwenda Nakaloke kukuombea."

"Hapana. Nina fa-familia. Ule wakati umepita."

"Basi sasa unataka nini?"

Zubairi alifikiri sana. "Randa nzuri ya mbao," alisema. "Na ki-kibanda barabarani."

Sebit alimsaidia kupata vyote viwili. Leo watu wa Busiu wananunua milango na madawati kwa Zubairi, na kazi inamtosha. Vijana wawili wanajifunza kwake. Sebit akija, hukaa pembeni akamtazama akiwaelekeza, polepole, akishika mikono yao juu ya randa. Wanamwelewa upesi.

Hapo ndipo Sebit hugeuza uso kuelekea barabarani. Anaona kwamba mwanawe alikuwa mwalimu tangu zamani.