Mwalimu Chini ya Boti

Mimi ni fundi cherehani, ndugu zangu, na fundi cherehani hajui kunong'ona, maana siku nzima anashindana na mashine. Kwa hiyo haya nitayasema kwa sauti. Tena naanza kwa kukiri kwamba nami nimo humu, na nilipo si pazuri.

Dirisha la kibanda changu linatazama ua wa jirani zangu wawili wastaafu. Mume alikuwa fundi wa bodi za mabasi kwa miaka thelathini na mbili, akiunganisha bati kwa bati kwa ribiti, zile pini fupi nene zinazogongwa mpaka zikalala. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Ribiti. Mke tunamwita Mwalimu, kwa kuwa alitufundisha kusoma nusu ya mtaa huu, na mimi nikiwa mmoja wao. Huyu mama alikuwa na masikio, jamani! Anaandika ubaoni, ametupa mgongo, na bado anasema, "Wewe wa dawati la mwisho, hiyo pipi itoe mdomoni." Alikuwa amesikia pipi ikigonga meno!

Kila alasiri walitoa viti viwili uani na chupa ya chai. Mzee Ribiti anasoma gazeti kwa sauti, Mwalimu yuko jikoni anasuuza vikombe, na mzee akikosea neno moja tu, sauti inatoka huko huko ndani: "Rudia hapo!" Anarudia, mtu mzima na mvi zake. Nilikuwa nacheka mpaka mshono unakwenda upande. Nawaambia ukweli, ilikuwa nyumba tamu.

Siku moja likaja lori limebeba boti. Boti ya aluminiamu, ya zamani, rangi imebanduka, ndani imejaa manyoya ya kuku kwa sababu kaka yake Mwalimu alikuwa ameipindua akaifanya banda. Ilikuwa ya marehemu baba yao, aliyekuwa akivusha watu ziwani. Mwalimu aliishika ukingo, akalia pale pale, kisha akacheka kwa kuona haya. Akatusimulia kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akijilaza sakafuni mwa boti ile, sikio juu ya bati, baba yake anapiga makasia na maji yanapita chini yake yakiongea.

"Sijasikia tena kitu kizuri kama kile," alisema. "Si wimbo, si sauti ya mtu."

Mzee Ribiti akapandisha suruali yake, kama afanyavyo akitaka kutoa ahadi. "Utayasikia tena, Mwalimu. Nipe miezi minne."

Shikeni hapo. Boti ile haikuwa starehe ya mwanamume. Ilikuwa zawadi kwa masikio ya mkewe.

Kazi ikaanza. Wiki mbili walikwangua rangi kwa msasa, wote wawili weupe kwa vumbi, wanachekana. Kisha Mzee Ribiti akaijaza boti maji kwa mpira wa bustani mpaka juu, akaingia chini yake na kipande cha chaki. Sisi tukaona kachanganyikiwa. Boti inawekwa kwenye maji, yeye anaweka maji kwenye boti! Lakini alijua alifanyalo. Kila palipodondosha tone, akatia alama. Alipotoka, ameloa chapachapa, alikuwa amehesabu ribiti mia mbili na arobaini za kubadilisha.

Sasa, ribiti haigongwi na mtu mmoja. Mmoja anapiga nyundo kwa nje, mwingine yuko ndani ameshikilia chuma kizito upande wa pili ili ribiti ipate pa kulalia. Mzee akaipindua boti juu ya stendi mbili za mbao, na Mwalimu akaingia chini yake, akaketi juu ya kigoda na kipande cha reli mkononi. Kutoka dirishani kwangu nilikuwa naona miguu yake tu na kandambili zake za bluu.

"Shika!"

"Nimeshika!"

Paa! Paa! Paa!

Fikirini mmefunikwa na sufuria, halafu mtu anaigonga kwa nyundo. Ndipo alipokaa Mwalimu wangu, asubuhi hata alasiri.

Kifaa cha kuziba masikio kilikuwapo. Kimoja. Mzee Ribiti alikuja nacho kutoka gereji alipostaafu. Siku ya kwanza alimvisha mkewe, nilimwona kwa macho yangu. Lakini kilikuwa kikubwa, kikateleza juu ya kitambaa cha kichwa, na Mwalimu akalalamika kwamba hasikii akiambiwa "shika".

"Vaa wewe," akasema. "Wewe ndiye uliye karibu na nyundo."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Basi mzee akavaa. Aliuliza mara moja, akajibiwa, na hakuuliza tena.

Na sisi majirani? Oho, sisi tulijua sana kulalamika! Tulipeleka ujumbe wa watu wanne, mimi nikiwa msemaji, tukaomba nyundo inyamaze mchana watoto walale. Mzee akatuomba radhi, akakubali. Mimi nikarudi kibandani, nikafunga dirisha, nikachomoa pamba kwenye gunia langu la mito nikajiziba masikio. Gunia zima la pamba ninalo, ukuta unanikinga, na bado nikajihurumia mimi. Ile miguu yenye kandambili za bluu nilikuwa naiona kila siku. Haikunijia hata kidogo kuuliza mwenye miguu ana hali gani.

Mwezi wa pili wa kazi, Mwalimu akaanza kuchelewa kujibu. Mzee anasema "shika", kimya. Anarudia, kimya, mpaka apige kelele. Sasa sikilizeni walivyofanya, maana hakuna watu wengine ambao wangekosea hivi isipokuwa mafundi hodari. Walibadilisha ishara! Mzee anagusa bati kwa nyundo mara moja, Mwalimu anaihisi ndani ya kile chuma, naye anagonga mara mbili kujibu. Kazi ikaenda mbio. Mzee alikuja kunitambia dirishani.

"Tumeelewana mpaka basi," akasema. "Sasa hatuna haja hata ya kusemezana!"

Nikamsifu. Mungu anisamehe, nilimsifu.

Haikupita muda akarudi, safari hii uso umemshuka. "Mwalimu amenuna," akaniambia. "Jana nimesoma gazeti, nikakosea kusudi. Nikasoma kwamba mbuzi wetu ameahidi kujenga barabara, badala ya mbunge. Unajua amesema nini? Hakusema kitu! Anasuuza vikombe tu. Sijui nimemkosea nini." Gazeti akaacha kulisoma.

Kesho yake Mwalimu naye akaja kubadilishiwa zipu. "Huyu mzee kaninyamazia," akasema. "Anapita nyuma yangu hata salamu hakuna. Kuna siku natamani nimuulize, halafu naona aibu. Umri wetu huu?" Nilipomjibu, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akanikunjia uso, "Acha kula maneno, msichana, sikukufundisha hivyo." Kisha akacheka, akajigusa kichwa. "Na hii kengele ya shule humu ndani, mbona siku hizi hailali?"

Nami nikacheka. Nikamkabidhi sketi yake. Mtu ananiambia kichwa chake kinalia kengele, mimi nachukua kama mzaha.

Zilikuwa zimebaki ribiti kumi na moja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo wa ua ulikuwa tope. Mguu mmoja wa stendi ukaanza kuzama. Mzee Ribiti akaiona boti ikiinama.

"Toka!" akapiga ukelele. "Mwalimu, toka! Toka!"

Nilimsikia mimi, dirisha limefungwa, pamba masikioni. Nilifungua nikaitazama ile miguu. Haikujongea.

Boti ikashuka, ikamfunika.

Tulikimbia wote, tukainyanyua. Mwalimu alikuwa ameketi chini, bega limechubuka, kipande cha reli kimemwangukia mguuni na kumvunja vidole viwili. Alikuwa anatutazama kwa mshangao, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba sisi ndio tuliopatwa na jambo.

Mzee alipiga magoti kwenye tope. "Mbona hukutoka? Nimekuita mara tatu!"

Mwalimu aliutazama mdomo wake. "Umeniita?" akauliza. Halafu akasema kwa upole, bila lawama yoyote, "Siku hizi huniiti, mzee wangu. Nimeshazoea."

Mzee Ribiti alivua kile kifaa masikioni, akakitazama. Akainuka, akazunguka nyuma ya mkewe, akaliita jina lake. Si Mwalimu, jina lake hasa, ambalo sisi hatujawahi kulisikia. Akaita kwa sauti ndogo, kisha kubwa, kisha kwa nguvu zake zote. Mwalimu alikuwa anaangalia vidole vyake vya mguu. Hapo mzee wa watu akakaa kwenye tope lile lile, akalia mbele yetu sote.

Binti yao, ambaye ni muuguzi mji wa mbali, alikuja siku ya pili, akawapeleka kwa daktari wa masikio. Nami nilikwenda, nimembebea Mwalimu mkoba. Daktari alimpima, akaandika, akampima tena. Akasema sehemu ndogo sana za ndani ya sikio, zile zinazopokea sauti, zimekufa kwa kelele, na zikishakufa hazioti nyingine. Kifaa cha kusaidia kusikia kitamletea maneno ya mtu aliye karibu naye. Sauti ndogo, nyembamba, hizo asizitarajie.

"Kengele ilianza lini kulia kichwani?" daktari aliandika kwenye karatasi.

"Mwezi wa kwanza wa boti," Mwalimu akajibu.

Mzee akamgeukia. Akamshika uso kwa mikono miwili ili aone mdomo wake. "Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kuitengeneza," akasema Mwalimu.

Kurudi nyumbani, Mzee Ribiti akachukua msumeno wa chuma. Alitaka kuikatakata boti auze chakavu. Mwalimu akachechemea na mguu wake wa bandeji, akaketi juu yake.

"Masikio yameenda, na boti nayo iende? Thubutu! Zimebaki kumi na moja. Zimalize."

Nikasema nitashika mimi. Nilikivaa kile kifaa cha kuziba masikio, na chini yake nikajaza pamba. Nikaingia, nikashika chuma. Ribiti ya kwanza, meno yaliuma. Ya tatu, machozi yalinitoka. Ya nne nilitoka nje nikaketi. Mwenzangu alikuwa amekaa mle kwa mia mbili ishirini na tisa, bila kitu, na mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta nashona. Nilirudi nikazimaliza. Hakuna aliyeniambia nirudi. Sikutaka tu zibaki.

Asubuhi moja ya Jumamosi tuliishusha boti ziwani. Ilikuwa inang'aa, viti vina mito niliyoishona mwenyewe, na halikuingia hata tone. Tulikuwa watatu. Mzee alipiga makasia mpaka katikati, akayapumzisha, boti ikawa inateleza yenyewe.

Mwalimu alikitoa kifaa chake cha kusikia, alichopewa na daktari, akakifunga ndani ya leso. Akalala sakafuni taratibu, akaweka sikio juu ya bati.

Mimi kutoka kwenye benchi niliyasikia maji. Yalikuwa yanapita chini yetu, madogo, ya haraka, yanagonga na kucheka. Alisema kweli, ni kitu kizuri. Nilitamani nisiyasikie.

Alilala muda mrefu. Alipoinua kichwa, alikuwa anatabasamu kidogo, na macho yamejaa. "Kimya," akasema.

Mzee Ribiti alifunika uso. Mwalimu akamshika mkono, akauondoa usoni. "Lala wewe," akamwambia. "Nisomee."

Basi yule mzee, na tumbo lake na magoti yake mabovu, akashuka akajilaza pale. Sikio kwenye bati, uso ameuelekeza kwa mkewe ili midomo ionekane. Akasikiliza. Kisha akaanza kusema polepole: yanakuja madogo madogo, yanakimbizana, sasa moja kubwa limegonga ubavuni, sasa yamenyamaza, sasa yanarudi. Mwalimu hakuyaondoa macho yake mdomoni mwa mumewe. Pale mzee alipochoka, akameza neno.

"Rudia hapo," akasema Mwalimu.

Akarudia.

Mafunzo

Ndugu zangu, katika hadithi hii hamna mtu mbaya, na hilo ndilo linalonitisha. Mume alimpenda mke, mke alimpenda mume, na kwa kupendana huko kila mmoja akaificha shida yake ili asimuumize mwenziwe. Ukimtengenezea mtu zawadi, usiitazame zawadi ukamsahau mtu. Mwenzako akinyamaza, usiseme amenuna. Nenda mbele yake, mwangalie usoni, umuulize. Akikujibu hajambo, kesho umuulize tena, kwa maana kuuliza mara moja hakutoshi. Kwenye kazi ya kelele, anayepiga na anayeshika wote wana masikio. Kama kinga ni moja, kazi isubiri ipatikane ya pili. Na wewe unayesikia kengele kichwani, sema leo, hata kama kazi itasimama.

Sisi majirani tuna letu. Kelele ile tuliisikia miezi mitatu, kila mtu akahesabu inavyomsumbua yeye. Mimi dirisha langu sasa silifungi. Nyundo ikianza kulia mahali, naiacha cherehani, natoka, nakwenda kuangalia ni miguu ya nani iliyo chini.