Hina ya Mejumaa

Kwa, kwa, kwa. Stepla ilisikika kwanza, kabla Zein hajamwona aliyeishika kati ya wateja waliojaa duka lake la kutoa nakala, pale barabara ya Ndia Kuu, Mombasa.

"Anayeipiga stepla yangu hivyo ana ugomvi nayo?" aliuliza akiwa nyuma ya mashine.

"Sina ugomvi. Nina bahasha kumi na sita za kuombea kazi," sauti ikamjibu.

Watu wakasogea, akamwona: buibui lililopigwa pasi likanyooka, mtandio wa zambarau, viatu vyeupe vya uuguzi. Aliitwa Mejumaa, mzaliwa wa Kinango, amepanga chumba Makupa. Cheti chake cha uuguzi cha miaka miwili kilikuwa bado kipya. Zein alimwambia mwezi hautaisha kabla hajaajiriwa. Alilisema hilo kwa ajili ya macho ya Mejumaa, si kwa kujua.

Mwezi uliisha, mwaka ukaisha. Kila tangazo lilitaka diploma na kuendelea, tajriba ya miaka mitatu. Tajriba angeipata wapi, na hakuna wa kumwajiri? Wagonjwa walipanga foleni tangu asubuhi, naye muuguzi alikaa nyumbani akifua. Kilichostawi mwaka ule ni mapenzi tu. Kila jioni simu ya Mejumaa ililia, Zein akipiga.

"Laazizi, leo umetibu nani?"

"Nimetibu sufuria. Ilikuwa imeungua."

"Basi njoo unitibu moyo."

"Wewe huna ugonjwa, una maneno."

Posa ilipelekwa Kinango, ikakubaliwa. Kisha ikafika harusi ya Nabiha, dadake Zein, nyumbani kwao Kibokoni. Nyumba ile ilikuwa na desturi yake: siku ya hina, mchumba wa kijana wao huchorwa ua kiganjani mbele ya wanawake wote, ijulikane kuwa ni wa kwao. Mejumaa alikuja na gauni la kijani, asmini kichwani. Mchoraji wa hina aliposhika mkono wake, Mejumaa aliunyakua, akaficha mikono yote miwili chini ya leso, akasema leo hapana. Vigelegele vilikatika.

Zein aliposikia, alipiga simu akiwaka hasira.

"Umemfedhehesha mamangu. Kama hututaki, sema."

"Zein, nisikize kwanza."

"Ua moja, Mejumaa. Ua moja limekushinda?"

Akakata. Siku tatu hakupiga tena, wala simu za Mejumaa hakuzishika.

Asichokijua ni kwamba asubuhi ile ya hina Mejumaa aliitwa kwenye mahojiano ya Jumatatu, katika hospitali moja isiyotaka pete, rangi ya kucha wala hina kwenye mikono ya wauguzi. Na hina haitoki kwa siku tatu. Mbona hakulisema palepale? Kwa sababu mara ngapi ametangaza kuwa ameitwa, watu wakamwombea dua, akarudi vilevile? Aliona haya kuombewa tena.

Jumatatu, mama aliyemhoji aliitazama mikono yake, akasema ni mikono ya muuguzi hasa. Kisha akafungua cheti, akakikunja tena. Nafasi zilikuwa za wenye diploma. Jina lake liliingia kwenye orodha kwa makosa.

Alikwenda moja kwa moja Kibokoni. Nabiha alikuwa bado kwenye fungate, zile siku saba ambazo bibi harusi hukaa kwao, amekaa ukumbini na mamake, na Zein alikuwa amekuja kula. Mejumaa alieleza yote akiwa amesimama mlangoni, bila kulia. Kisha akaketi karibu na Nabiha, akanyoosha mikono.

"Nipake, dadangu. Viganja, vidole, mpaka kwenye kiwiko. Sina tena wa kumwonyesha mikono hii."

Nabiha aliitazama hina iliyobaki harusini, akamtazama kakake. Zein alipiga magoti. Alikuwa mwepesi wa maneno siku zote, lakini hakuwa na kazi ya kumpa, wala hangeweza kugeuza hata herufi moja katika kile cheti. Alivikunja vidole vya Mejumaa kimoja kimoja, mpaka ikawa ngumi.

"Ukipaka leo, kesho wakikuita je?"

"Hawataniita, Zein."

"Pengine hawatakuita," alisema. "Lakini nakuahidi hapa, mbele ya mamangu. Hina utaipaka siku utakayoitaka wewe, si siku ya kukata tamaa. Na siku hiyo isipofika, nitakuoa mikono ikiwa hivi hivi, bila hata tone moja."